Mashini ya muziki iliyotoka katika katuni, na majina ya mafundi yanayopotea

BASE YA KAMINA – Kuna video moja ambayo imezunguka dunia kwa zaidi ya miaka ishirini. Inapita kwenye simu, kutoka mkono mpaka mkono, na kila anayeiona mara ya kwanza anashangaa. Ndani yake hamuna mtu hata mmoja. Kuna mabomba tu, yanatupa mipira midogo ya chuma juu. Mpira unapanda, unashuka, unagonga ngoma. Mwingine unagonga kamba nene ya besi. Mingine inaanguka juu ya vibao vinavyolia kama madimba, halafu inaingia ndani ya shimo na kupotea. Hakuna mpira unaokosa pahali pake. Wimbo unaisha, mashini inanyamaza.

Swali la kwanza la kila mtu ni moja: je, kitu hiki ni cha kweli?

Jibu lake ni historia ndefu kidogo, na mwisho wake unagusa Kamina kuliko watu wengi wanavyofikiri.

Wimbo kwanza, picha nyuma

Video hiyo inaitwa Pipe Dream. Ilitengenezwa Marekani na kampuni ndogo kwa jina Animusic, na ikatoka kwenye diski ya DVD mwaka 2001. Mwenye wazo ni mwanamuziki na fundi wa kompyuta aitwaye Wayne Lytle. Ni sinema ya katuni, zile ambazo watoto wetu wanaita dessins animés. Hakuna bomba lililochomelewa, hakuna mpira ulioyeyushwa. Yote ni hesabu za kompyuta.

Namna alivyofanya kazi ilikuwa tofauti na ya wachoraji wengine. Kwa kawaida mtu anachora picha kwanza, halafu anatafuta muziki wa kuweka juu yake. Lytle aligeuza njia. Aliandika wimbo kwanza, kila sauti na saa yake. Halafu programu yake ilisoma wimbo na kuuliza: ikiwa sauti hii inapaswa kulia saa hii, mpira utoke kwenye bomba saa gani? Kompyuta ikahesabu kurudi nyuma, na picha ikafuata muziki kama vile mchezaji anavyofuata ngoma. Ndiyo sababu hakuna mpira unaokosa. Katika katuni mpira hauna uhuru wa kukosa.

Radio trottoir ya intaneti

Kisha uongo ukaanza. Karibu mwaka 2006, barua moja ilianza kuzunguka kwenye intaneti pamoja na video hiyo. Ilisema kwamba mashini ni ya kweli kabisa, kwamba imejengwa na wanafunzi na walimu wa chuo kikuu cha Iowa, kule Marekani, na kwamba asilimia 97 ya vyuma vyake vilitoka katika vifaa vya kilimo na vya kumwagilia mashamba. Iliongeza kwamba kazi ya kuipanga na kuirekebisha ilichukua saa 13.029 kabla ya kupigwa picha.

Tazama vizuri namna uongo huo ulivyovaa. Haukusema "saa nyingi", ulisema 13.029. Haukusema "vyuma vya zamani", ulisema asilimia 97. Ulitoa jina la chuo kikuu kinachojulikana, halafu ukaongeza majina ya shule na ya ukumbi ambavyo havikuwepo. Chuo kikuu cha Iowa kililazimika kujibu watu kwamba mashini hiyo haipo kwake na haijawahi kuwepo.

Watu wa Base wanajua mambo haya. Sisi tuna radio trottoir tangu zamani. Habari inatoka sokoni, inapita stesheni, inaingia kartier, na kila mdomo unaongeza namba. Familia zilizokimbia makwao zinajua zaidi: mara ngapi mtu alifunga mizigo kwa sababu ya habari yenye saa na jina la barabara, lakini isiyokuwa na mtu aliyeona kwa macho? Na mara ngapi mwingine alirudi kijijini kwa sababu aliambiwa kwamba "amani imerudi", pasipo jina la aliyetoka huko? Namba kamili haifanyi habari kuwa kweli. Tunauliza kwanza: nani aliona? Alikuwa wapi? Anaitwa nani?

Lakini uongo wa Iowa ulikuwa na ubaya mwingine ambao watu wengi hawakuuona. Uliwapa sifa watu ambao hawapo, na ukamnyima sifa aliyefanya kazi. Katika barua ile, jina la Wayne Lytle halikuwemo. Mamilioni ya watu walistaajabia kazi yake, na wakamshukuru mtu mwingine.

Uongo unakuwa kweli

Hapa historia inageuka. Mwaka 2011, kampuni ya Intel, inayotengeneza bongo za kompyuta, iliamua kujenga mashini ya kweli kwa kufuata wazo la katuni ile. Ilikuwa njia ya kuonyesha nguvu za vifaa vyake, kwa hiyo kulikuwa na biashara ndani. Hata hivyo kazi ilifanyika. Mashini ilitumia bongo saba za aina ya Atom, na vyombo 36 vya kuachilia mipira, vile vinavyowekwa juu ya bunduki za mchezo wa kurushiana rangi. Mipira ilianguka juu ya vyombo, na wimbo ukasikika.

Hapo ndipo mafundi walikutana na mambo ambayo katuni haina. Ukiachilia mpira kutoka kimo cha mita moja, unachukua karibu nusu sekunde kufika chini. Kutoka mita mbili, hauchukui mara mbili ya muda ule, unachukua karibu sekunde 0,64. Kwa hiyo kama chombo kimoja kiko chini na kingine kiko juu, na unataka vilie pamoja, lazima mipira itoke kwa saa mbalimbali. Mpigaji wa ngoma anafanya hesabu hii kwa mkono wake pasipo kufikiri: mkono unaanza kushuka mbele ya mdundo, si saa ileile ya mdundo. Mashini haina mkono. Lazima iambiwe.

Tena mpira wa kweli unaruka ovyo. Unachakaa. Unakwama. Upepo, vumbi, joto, vyote vinaingia kazini. Mwanamuziki wa Sweden, Martin Molin wa kundi la Wintergatan, alijua hayo kwa mikono yake. Alijenga mashini ya mbao inayotumia goroli 2.000, akachukua karibu miezi 14, na video yake ya mwaka 2016 ikapendwa duniani kote. Lakini mashini ile ilikuwa dhaifu, haikuweza kusafiri naye kwenye matamasha. Alipoanza kujenga ya pili iliyo imara zaidi, alifanya kazi miaka mingi kisha akaiacha.

Kitu kama hicho kilitokea pia Meksiko. Mwaka 2017 ilitoka sinema ya katuni Coco, ya mtoto anayependa gitare kuliko chakula. Gitare jeupe la ndani ya sinema lilichorwa kwa kufuata kazi ya fundi wa kweli mwenye asili ya Paracho, mji mdogo katika jimbo la Michoacán ambao unaishi kwa kutengeneza magitare. Baada ya sinema, watu walianza kuomba gitare lile. Mafundi wa Paracho wakarudi mezani, wakakata mbao, wakapaka rangi nyeupe. Kwa hiyo gitare lilitoka mkononi mwa fundi, likaingia katuni, halafu likarudi mkononi mwa fundi. Katika njia hiyo, mji ulipata kazi.

Kwetu picha ilikuwa sikio

Mtu anaweza kusema: hayo ni mambo ya wenye umeme na kompyuta. Lakini Congo yetu imefanya kazi ya namna hiyo tangu zamani, pasipo kungoja sinema.

Huko Kinshasa, Mawangu Mingiedi alikuwa mpigaji wa likembe, ile sanduku ndogo yenye vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, ambayo kwa Kiluba tunaita kisanji. Kijijini likembe inatosha watu kumi waliokaa karibu. Mjini kuna magari, kuna baa, kuna makelele. Likembe haisikiki. Mingiedi na wenzake hawakuwa na makuta ya kununua mikro. Wakachukua sumaku katika vipande vya magari ya zamani, wakazungushia waya, wakafunga ndani ya mbao, na likembe ikawa ya umeme. Sauti ilitoka na mikwaruzo mingi. Wengine wangesema imeharibika. Wao wakaipenda, wakaifanya kuwa sauti yao. Kundi lao, Konono N°1, lilipiga miaka mingi katika matanga na sherehe kabla ya album Congotronics, ya mwaka 2004, kuwafikisha mbali. Mingiedi alifariki mwaka 2015.

Huko huko Kinshasa, Armand Diangienda, aliyekuwa rubani wa avioni, alianzisha mwaka 1994 orkestra ya symphonie ya Wakimbangu. Watu walikuwa wengi, violon zilikuwa kidogo. Walipokezana: mmoja anapiga dakika chache, anampa mwenzake. Kamba ilipokatika, waliweka waya wa breki ya kinga. Na Albert Matubanza, kwa kuwa besi kubwa za kusimama hazikupatikana, alifungua moja aliyokuwa nayo, akapima kila kipande, akajifunza namna ilivyounganishwa, akaanza kujenga nyingine. Hakuna shule iliyomfundisha kazi hiyo. Chombo chenyewe kilikuwa mwalimu.

Roger Landu wa kundi la Staff Benda Bilili naye alikuwa mtoto wa barabarani alipotengeneza satongé yake: mkebe mtupu, fimbo iliyopindika, na kamba moja. Kamba moja tu. Watu wa Ulaya walilipa tikiti kusikiliza kamba hiyo.

Wote hawa walikuwa na kitu ndani ya kichwa kabla ya kuwa nacho mkononi. Wayne Lytle alikiweka kwenye kompyuta. Mingiedi alikiweka kwenye sumaku ya gari.

Kamina, mwaka 1958

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1953, padre Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, alifika Kamina. Wakati ule mji ulikuwa unakua haraka. Reli ilikuwa inaunganisha kusini, Kasai na upande wa Kabalo. Na hapa Base, Wabelgiji walikuwa wanajenga kambi yao kubwa ya jeshi na kiwanja cha avioni. Watu walitoka kila upande kutafuta kazi. Kiluba, Tshiluba, Kiswahili, vyote vilisikika stesheni moja.

Haazen alisikiliza watoto wa shule ya Kamina na walimu wao wakiimba. Akakusanya kundi: wavulana karibu 45, na walimu karibu 15. Kundi likaitwa Troubadours du Roi Baudouin. Kazi yao inayojulikana zaidi ni Missa Luba, Misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa nyimbo na midundo ya hapa. Sehemu ya Kyrie inafuata kasala, wimbo wa matanga ya Baluba. Sanctus inafuata wimbo wa kuagana. Mwalimu Joachim Ngoi ndiye aliyeimba sauti ya mbele. Misa hiyo ilisomwa kwa mara ya kwanza parokiani hapa Kamina mwezi wa tatu mwaka 1958. Mwaka uleule kundi likasafiri Ulaya, likaimba kwenye maonyesho makubwa ya Bruxelles, na sauti ikarekodiwa kwenye sahani.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1968, Mwingereza Lindsay Anderson alitengeneza sinema if...., ya wanafunzi wanaoasi shule yao. Ndani yake aliweka Sanctus ya Kamina. Sinema ikapata zawadi ya kwanza kule Cannes mwaka 1969, na Sanctus ikauzwa Uingereza kama wimbo wa vijana. Kule Marekani katuni ilizaa mashini ya muziki. Huku kwetu muziki ndio ulioingia sinema, na watu wa mbali walioutazama hawakujua hata Kamina iko wapi.

Na hapa kuna jambo linalouma. Kwenye sahani, jina kubwa lilikuwa la padre. Ni kweli alifanya kazi: alikusanya, alipanga, alisafirisha. Lakini sehemu nyingi za Misa ile hazikuandikwa kwenye karatasi kabla ya kuimbwa. Waimbaji walizitunga wakiimba, kila mmoja akijua wapi pa kuingia, kama watu wanavyofanya kwenye matanga. Walimu wale na watoto wale walikuwa watungaji pia. Jina la Joachim Ngoi bado linapatikana. Ya wavulana 45, watu wangapi wa Kamina wanaweza kuyataja leo? Walio hai kati yao ni wazee wa miaka zaidi ya sabini na themanini.

Kyondo haiwezi kupakiwa kwenye simu

Kuna chombo kingine kinachostahili kuangaliwa kabla hakijachelewa. Ni kyondo, ngoma ya mbao isiyo na ngozi. Fundi anachukua kipande cha mti mgumu, anafungua mdomo mwembamba juu, na kupitia mdomo huo anachimba tumbo lote la mti. Lazima achimbe upande mmoja kuwa mwembamba kuliko mwingine. Upande mmoja unatoa sauti ya juu, mwingine sauti ya chini. Kwa kuwa Kiluba chenyewe ni lugha ya sauti za juu na chini, sauti mbili hizo zinatosha kusema maneno. Kyondo ilitangaza kifo, iliita watu kwa chifu, ilipeleka habari kutoka kijiji mpaka kijiji. Ilikuwa radio ya mababu.

Madimba nayo ina siri yake. Chini ya kila kibao kuna kibuyu kilichopimwa, na kwenye kibuyu kuna tundu dogo linalofunikwa kwa utando wa buibui. Utando huo ndio unaotia ile sauti ya kutetemeka ambayo watu wanaitambua kwa mbali. Fundi lazima ajue kibuyu gani kinaitikia kibao gani. Akikosea, kibao kinalia lakini kibuyu kinanyamaza.

Maarifa hayo hayako kwenye kitabu cha shule za msingi. Yako mikononi mwa wazee. Na vita vikianza, mtu anabeba mtoto, anabeba sufuria, anabeba blanketi. Hakuna anayekimbia na madimba kichwani. Kyondo inabaki kijijini, mara nyingine inakuwa kuni za wale walioingia nyuma. Familia ikifika pahali pengine, mzee fundi hana mti wake, hana shoka yake, hana wanafunzi wake. Anakaa mbele ya nyumba ya watu. Mtoto wa nyumba anamwona kama mzee asiye na kazi, kumbe mbele yake amekaa injinia.

Katika kitu hiki, hesabu ya Iowa inarudi. Kule, dunia iliamini mafundi ambao hawakuwepo. Huku, mafundi wapo na hakuna anayewahesabu.

Kazi ya kurekebisha haihitaji kampuni kubwa. Katika kila familia kuna simu moja inayoweza kushika sauti. Mtoto aende kwa babu au nyanya, akae chini, asalimu, aulize kwa heshima: Tata, wewe ulitengeneza chombo gani? Nani alikufundisha? Kijiji gani, mwaka gani, mti gani? Ulijuaje kwamba tumbo la kyondo limetosha, usichimbe tena? Jina la mzee lisemwe kwanza, kabla ya kitu kingine chote, na la mwalimu wake lifuate. Kama mti unapatikana, mzee apewe kipande na kisu, kwa sababu mikono inakumbuka mambo ambayo mdomo umesahau. Chombo cha kwanza hakitakuwa kizuri. Matubanza naye hakujenga besi nzuri siku ya kwanza.

Na vijana wanaopenda katuni wasikatazwe. Mtoto akiona mashini ya mabomba kwenye simu na kuuliza kama ni ya kweli, aambiwe ukweli wote: ile ni picha, aliyeichora anaitwa Wayne Lytle, na wengine walikuja nyuma wakajenga ya kweli kwa mipira inayoanguka kweli. Halafu apewe mkebe, fimbo na waya. Bomba la zamani halikosi hapa Base.